Kipande Changu cha Ukingo

Nilikuwa nimesema nitafika Voi Alhamisi usiku. Nilifika Ijumaa usiku, nikiwa na udongo mwekundu mpaka nyuma ya masikio, na kwenye kundi letu la simu nikakuta maswali mengi ambayo sikuyajibu. Mwakio aliuliza kama nilikamatwa. Jibu fupi ni kwamba mimi sikukamatwa, lilikamatwa begi langu. Jibu refu ndilo hili, na naomba mlisome mkiwa mmekaa, maana ndani yake kuna kushuka, kupanda tena, na kushuka tena.

Ili msipotee, kwanza niwakumbushe nilikuwa wapi. Kwa miezi sita nilikuwa Tanzania kwenye mafunzo kwa vitendo, katika shirika dogo la maji pale Same. Lakini siku nyingi sikulala Same, nililala juu. Pale mjini ukisema "juu" kila mtu anajua ni milimani kwa Wapare, ambako gari hupanda kwa kona mpaka masikio yanaziba. Kazi yangu ilikuwa kupima ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo ambalo Wapare wamekuwa wakilijenga tangu zamani: maji ya kijito hujaa humo usiku, asubuhi hufunguliwa yakashuka kwa mfereji, kila shamba kwa zamu yake. Mimi nilisimamisha fimbo yenye alama ndani ya maji, nikawa naisoma jioni na alfajiri na kuandika kwenye daftari la jalada gumu. Hiyo ndiyo kazi yote. Bila daftari lile nisingekuwa na ripoti, na ripoti ilitakiwa Jumatatu.

Kushuka mara ya kwanza

Ofisini tuliagana kwa soda na picha. Juu hatukuagana, na kosa lilikuwa langu.

Jumanne ile kamati ya ndiva ilikuwa imeniita niwaeleze nilichokiona. Nilisimama mbele ya watu wazima walionizidi umri na akili za maji, nikasoma kwamba ndiva yao inavuja. Nilisema inavuja upande wa chini, pale ukingo unapopinda karibu na jiwe la kufulia. Sentensi hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo cha dirisha. Nilitoa neno "inavuja" nikaweka "inapoteza", nikaona "inapoteza" ni kama namwita mtu mwizi, nikarudisha "inavuja".

Nilipomaliza hakuna aliyesema kitu. Katibu wa ndiva ni Baba Namsifu, mtu wa makamo ambaye huvaa koti hata akichimba, na kalamu yake haitoki mfuko wa koti ila kwa jambo zito. Kalamu haikutoka. Alifunga rejesta, akasema, "Tumesikia." Wakainuka wote, wakatoka, wakaniacha na mabenchi.

Ninyi mnanijua. Usiku ule nilikwishaamua kwamba nimewatukana wazee wa watu juu ya bwawa walilojengewa na babu zao. Kesho yake kila aliyenipita njiani bila kusimama nilimhesabu kuwa amenikasirikia. Mmoja alikuwa amebeba kitanda kichwani, sasa nadhani hiyo ndiyo sababu hakusimama.

Jioni ya Jumatano baragumu likalia. Huko juu baragumu likilia jioni, kesho yake kuna msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima: barabara imebomoka, au shule inataka choo, au ndiva imejaa tope, basi kila nyumba inatoa mtu na jembe. Nilikwishahudhuria kadhaa, nikachimba na kuimba nyimbo nisizozielewa. Nilikuwa jikoni na Mama Elifuraha, mwenyeji wangu, mjane mwenye mikono mikubwa na maneno machache.

"Kesho ni wapi, mama?"

"Ndivani."

Nikapiga hesabu zangu. Barua yangu ya mafunzo ilisema mwisho ni Jumatano. Ilikuwa Jumatano. Kwa hiyo kesho mimi si mtu wa pale tena. Tena nikienda ndivani, watu wataniona yule msichana aliyeitukana ndiva. Nikasema, "Mimi kesho nitashuka na gari la alfajiri. Muda wangu umeisha."

Mama Elifuraha aliacha kukoroga.

"Umeisha?"

"Barua inasema hivyo, mama."

"Haya," akasema, akarudi kwenye chungu.

Hiyo "haya" niliilalia na kuamka nayo. Ilikuwa "haya" ya kunibariki? Ya kunichoka? Au ni ya mtu anayeona umekosea na hataki kukwambia? Alfajiri alinifungia makande kwenye kopo la plastiki, akanisindikiza mpaka barabarani, na aliponishika mkono alisema tena, "Haya, mwanangu." Nikapata ya pili ya kuichambua.

Gari la alfajiri ni la Hamisi, Landrova kuukuu inayopandisha bidhaa na kushusha tangawizi. Siku hiyo magunia yalijaa mpaka kwenye kiti changu, ikabidi niketi na gunia mapajani kama mtoto mkubwa. Begi langu halikupata nafasi.

"Dada Mghoi, begi litakuja kwa safari ya mchana," Hamisi aliniambia. "Liache kwa mama. Wewe tangulia ukanywe chai."

Nikaliacha. Daftari lilikuwa ndani.

Kwenye meza ya Bi Zaituni

Same kuna joto kavu na upepo unaotembea na vumbi kama vile lina shughuli. Nilishuka nikiwa nimevaa sweta mbili za mlimani, na kwa dakika chache za kwanza watu walinitazama kama mgonjwa. Nikaenda kungojea begi kwa Bi Zaituni, anayeuza chai na chapati kando ya stendi, chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo nne.

"Shikamoo, Bi Zaituni."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo safari?"

"Ndiyo safari. Nangojea begi."

"Kaa. Begi la juu halina haraka."

Miezi sita iliyopita, asubuhi yangu ya kwanza Same, nilifika kwenye meza hiyohiyo nikasema, "Nipe chai na chapati mbili." Bi Zaituni akaniuliza kwa upole kama ninazidai. Nilichukua wiki nzima kuelewa kwamba pale chai huombwa, hata kama fedha unayo mkononi. Sasa niliomba chai, nikaomba chapati, nikaomba na kijiko, naye akacheka, akasema nimezidisha, kijiko mtu anachukua tu.

Mabasi ya kwenda Moshi yalipita. La saa tatu, la saa nne na nusu, mengine sikuyaangalia ili nisiumie. Mwanamume mmoja mwenye baiskeli mpya, aliyesema anatoka Ndungu kwenye mashamba ya mpunga, aliketi mezani petu akanieleza kwa kirefu kwamba mchele wote mwingine ni takataka. Nilikubali. Akaniuliza kwetu wanakula nini. Nikamwambia Voi tunakula na mchele pia. Akanihurumia. Nilifungua kopo la makande, mahindi na maharage yaliyolainika, tukala wote watatu kwa vijiko vya Bi Zaituni, na yule bwana akasema makande si mabaya ila yangekuwa mchele.

Saa tisa Landrova ya Hamisi ikaingia. Niliinuka kabla haijasimama. Alishusha magunia, akashusha tenga la maparachichi, akashusha bibi mmoja na mwamvuli wake. Kisha akafunga mlango wa nyuma.

"Kaka Hamisi, begi?"

Alijifuta uso kwa kofia. "Limekamatwa."

"Na polisi?"

"Bora polisi. Limekamatwa na ndiva."

Bi Zaituni aliweka birika chini. "Ehe! Mtoto huyu hakwenda msaragambo!"

Hamisi akanieleza, nami nawaeleza ninyi. Asiyefika kwenye msaragambo, kamati hupita ikachukua kitu chake. Sufuria, jembe, kuku, chochote. Kitu hukaa kwa katibu mpaka mwenyewe aje amalize kazi aliyoiacha. Huo si wizi wala ugomvi, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kukataa. Walipita kwa Mama Elifuraha wakauliza cha Mghoi ni kipi, naye akawaonyesha begi.

"Akawaonyesha?"

"Angefanyaje? Mwenyewe alikuwa ametoka kwenye mstari wa kuchimba."

"Lakini mimi ni mgeni! Na muda wangu umeisha!"

"Mambo hayo kamwambie Baba Namsifu," Hamisi alisema. "Mimi nabeba tangawizi."

Bi Zaituni alikuwa akicheka mpaka anashika nguzo ya turubai. "Mwanangu, umeingia kesi na Wapare! Mimi mwenyewe Mpare wa huku chini, nawajua ndugu zangu. Babu yangu aliuza ng'ombe kufuatilia kesi ya jogoo. Na akashinda."

"Akarudishiwa jogoo?"

"Jogoo alikwishakufa kwa uzee. Lakini alishinda."

Mimi sikucheka. Niliona jambo moja tu: mtu hamnyang'anyi mgeni begi lake siku anayoondoka, isipokuwa ana hasira naye. Kwa hiyo yale niliyoyahofia tangu Jumanne yalikuwa kweli. Nilijaribu kumpigia Mama Elifuraha, simu ikasema hapatikani, kama kawaida, maana mtandao wa kule unapatikana ukisimama nyuma ya kanisa na kuelekea Same. Basi lingine la Moshi likasimama mbele yetu. Kondakta akaita, "Himo, Moshi! Dada, unapanda?"

Ningeweza kupanda. Ningeweza kuandika ripoti kwa kukumbuka, nikazuga hapa na pale. Nilisimama na mguu mmoja kivulini na mwingine juani nikiwaza. Nilipomaliza kuwaza, basi lilikuwa limeondoka muda mrefu.

"Hamisi," Bi Zaituni akamwita, "gunia la mbele litoe. Mtoto anarudi juu."

Kupanda tena

Njia ileile niliyoshuka asubuhi, jioni haikuwa ileile. Asubuhi nilikuwa nimeifumbia macho ili nisilie. Sasa nilitazama kila kitu: mikonge na michongoma ya chini, kisha kijiji cha Mwembe, kisha migomba, kisha baridi inaingia dirishani kidogokidogo, na wanawake wanateremka na mizigo ya majani ya ng'ombe, na Hamisi anampigia honi kila mmoja kwa mlio wake.

Nilikuwa naandaa hotuba. Hotuba ilianza na kuomba radhi kwa neno "inavuja", ikaenda kwenye mipaka ya barua yangu ya mafunzo, ikaishia kwenye ombi la begi. Nilimsomea Hamisi kwa sauti.

"Ndefu," akasema.

"Nitoe wapi?"

"Toa yote. Sema umekuja."

Mama Elifuraha alikuwa mlangoni. Nilifungua mdomo nianze hotuba.

"Umerudi," akasema. "Maji ya kuoga yako jikoni. Yatapoa."

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilinichanganya zaidi. Baada ya kula nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwamba baragumu lilikuwa linaniita na mimi.

Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. "Ulisema muda wako umeisha. Mtu akishasema hivyo, mwanangu, nimshike mguu?"

"Ungenikataza tu, mama."

"Nilisema haya," akajibu. Yaani "haya" ile ilikuwa "haya" tu.

Kipande

Asubuhi ya Ijumaa nilikwenda ndivani na jembe la Mama Elifuraha. Nilitegemea kukuta kazi haijaanza, au imekwisha. Nilichokikuta sikukitegemea.

Ukingo wote wa chini ulikuwa mpya. Walikuwa wameufukua ule wa zamani, wakaleta udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni, wakaushindilia mpaka unang'aa, kutoka mwanzo wa kona mpaka mwisho. Isipokuwa mahali pamoja. Katikati palikuwa na pengo la hatua nne hivi, limezibwa kwa vigogo vya migomba na viroba, na pande zote mbili za pengo kilisimama kijiti. Maji yalikuwa yakipenya taratibu kwenye vigogo. Ilikuwa palepale, karibu na jiwe la kufulia.

Baba Namsifu alikuwa amekaa juu ya jiwe lenyewe, na koti lake, na rejesta magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja."

"Nimekuja." Hotuba ikaanza kunitoka yenyewe. "Baba, naomba radhi. Siku ile Jumanne sikukusudia kuidharau ndiva. Niliona mmekasirika mkatoka bila kusema kitu..."

"Tumekasirika?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Ulituambia maji yanakimbia na jua linazama. Ulitaka tukae tukupigie makofi? Tulikwenda kuangalia kabla ya giza."



"Tukaona kweli, umesema sawa," akaendelea. "Tukapiga baragumu. Watu wamekuja wote, hata wenye miguu mibovu. Sasa katibu anaita majina, Mghoi. Mghoi! Mghoi hayupo. Aliyetuonyesha tundu, siku ya kuliziba amekimbia!" Hapo alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na kina mama waliokuwa wakichota maji upande wa juu wakacheka naye, na mmoja akadakia, "Mbio kama swala!"

"Nilidhani mimi mgeni, baba."

Akafungua rejesta, akanigeuzia. Kurasa zilikuwa zimechorwa mistari kwa rula, nyumba kwa nyumba. Chini ya Mama Elifuraha palikuwa na mstari mwingine: Mghoi. Mbele ya jina langu palikuwa na alama za kuhudhuria, moja kwa kila msaragambo niliokwenda, kuanzia ule wa barabara mwezi wangu wa pili, nilipokuja na jembe la kuazima na kuchubuka mikono yote miwili. Ya mwisho tu haikuwa na alama. Palikuwa peupe.

"Mgeni hakamatiwi kitu," Baba Namsifu akasema. "Mgeni tunampa chai. Na hata wewe ungesema tu unasafiri. Msafiri ana udhuru, namwandika, yamekwisha. Wewe hukuaga." Akafunga rejesta. "Kipande chako ni kile. Hakuna anayechimba kipande cha mwenzake. Tukianza hivyo hakuna atakayekuja tena."

Nikavua viatu.

Kwa wale ambao hawajawahi: udongo wa mfinyanzi unachimbwa bondeni, unabebwa kwa karai kichwani kupanda, unamwagwa pengoni tabaka kwa tabaka, na kila tabaka linakanyagwa kwa miguu mpaka lishikane. Ukikanyaga vibaya maji yatapita tena. Nilichimba, nikabeba. Kwenye karai la tatu nilikuwa nalaani nafsi yangu, kwenye la saba nilikwishasahau hata nilikuwa nawaza nini, jambo ambalo halijanitokea tangu kidato cha nne.

Saa mbili kasoro honi ya Landrova ikalia barabarani juu yetu. Ni Ijumaa, na Hamisi lazima awahi Same aoge, abadili nguo, aingie msikitini. Akatoa kichwa dirishani.

"Dada Mghoi! Unakuja hukuji?"

Begi langu lilikuwa kwa katibu, pengo halijafika hata nusu. Jana yake nilisimama mbele ya basi nikiwaza mpaka likaondoka. Safari hii nilikuwa na karai kichwani, na mtu mwenye karai kichwani hawezi kuwaza sana.

"Nenda, kaka! Niombee!"

"Nitakuombea miguu!" akapaza sauti, na gari likateremka.

Nilipomaliza kubeba, nilianza kukanyaga peke yangu, na hapo ndipo nilipoona ukubwa wa jambo. Miguu miwili kwa pengo la hatua nne, ni kazi ya kutwa. Mama Elifuraha alikuwa amefika na chungu cha makande kichwani. Alikitua, akatazama pengo, akamtazama Baba Namsifu.

"Katibu, kanuni inasemaje?"

"Unaijua. Kila mtu kipande chake."

"Inasema kila mtu achimbe na abebe kipande chake."

"Ndiyo."

"Kuchimba na kubeba."

Baba Namsifu alianza kuona anakopelekwa. "Mama Elifuraha..."

"Kukanyaga imeandikwa?"

Akafungua rejesta kwenye kurasa za mbele, ambako kanuni zimeandikwa kwa mkono na kupigwa muhuri. Alisoma kwa kidole, polepole, midomo ikichezacheza. Kina mama waliacha kuchota. Kuna watu wanafurahia mpira, lakini pale nadhani wanafurahia kifungu.

"Kukanyaga haikuandikwa," akakiri.

"Basi," Mama Elifuraha akasema, akafunga khanga kiunoni na kuingia pengoni na mimi. Nyuma yake wakaingia wengine watano. Tukashikana mabega tukakanyaga, wakaanza wimbo, na mimi nikaimba nisichokielewa, na tope lilipanda mpaka magotini, na kila aliyeteleza alishikiliwa na waliobaki. Nusu ya muda wote niliuliza, "Nakanyaga sawa?" mpaka mmoja akaniambia nikanyage tu, tope halina mtihani.

Mwishoni Baba Namsifu aliteremka, akavua koti. Nilikuwa sijawahi kumwona bila koti. Akapita juu ya kipande changu kwa kisigino, hatua kwa hatua, akasimama katikati akaruka mara moja. Hakikuzama. Akavaa koti, akatoa kalamu mfukoni, akaweka alama mbele ya jina langu.

Begi langu nililikuta kwenye stoo ya kamati, kati ya sufuria ya mtu na kuku aliyefungwa mguu. Daftari lilikuwa juu ya rafu peke yake, limefunikwa kwa gazeti. Baba Namsifu alisema alilitoa begini kwa sababu ya yule kuku.

Kuhusu kuaga, niliwaaga wote, mmoja mmoja, mkono wenye tope kwa mkono wenye tope. Fimbo yangu ya kupimia niliiacha majini. Mama Elifuraha alinisindikiza tena mpaka barabarani na safari hii hakusema haya. Alisema, "Ukifika piga simu, nitakuwa nyuma ya kanisa."

Kutoka Same hadi nyumbani

Nilishuka kwa bodaboda, begi mapajani na macho nimeyafumba kwenye kona. Pale stendi Bi Zaituni alinitazama kutoka miguuni mpaka kichwani, akamwaga maji ya birika kwenye beseni, akaniambia ninawe kabla sijaharibu biashara yake. Hamisi alikuja kutoka msikitini na kanzu nyeupe pe, akasimama mbali nami kwa makusudi.

"Kesi umeshinda?" Bi Zaituni akauliza.

"Nimefungwa, nikatumikia, nikatoka."

"Hiyo kwa Wapare ni kushinda."

Basi la Himo lilichelewa, kisha likaja, kisha likasimama Mwanga kwa muda mrefu kwa sababu abiria mmoja alishuka kununua kitu akakutana na shemeji yake. Watu walinung'unika. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa kulia nikitazama milima inavyokwenda nasi, na sikunung'unika. Nilijaribu kujiuliza nimejifunza nini kwa miezi sita, kama mtu anavyotakiwa kujiuliza, maana ripoti ina sehemu hiyo. Sikupata jibu. Nilikuwa nakuna tope lililokauka kwenye goti.

Holili, mama wa kwenye dirisha la mpaka alinirudishia karatasi zangu, akaangalia kucha zangu.

"Ulikuwa unafanya nini huku?"

"Mafunzo kwa vitendo."

"Naona vitendo," akasema.

Baada ya hapo ni Taveta, na gari la watu sita walionyamaza, na barabara iliyonyooka mpaka Mwatate, na mama yangu mlangoni akiuliza kwa nini nanuka bwawa. Mengine mnayajua.

Simu ya Jumapili

Jumapili mchana, ripoti ikiwa inakaribia kwisha, simu ililia. Ni Baba Namsifu. Nilisikia upepo, nikajua amesimama nyuma ya kanisa.

"Mghoi, fimbo yako tunaisoma. Usiku maji yanapanda mpaka alama ya juu, hayavuji tena. Andika hivyo kwenye kitabu chako."

"Nitaandika, baba. Asante."

"Jingine. Jumatano kuna msaragambo wa mfereji. Jina lako liko hapa. Nikuandike nini?"

"Niandike nina udhuru, baba. Niko safarini."

Karatasi ikafunuliwa. "Msafiri huandikwa na siku ya kurudi. Asiye na siku ya kurudi anapigwa mstari. Ndiyo kanuni."

Ninyi mnanijua. Nikiulizwa chai au kahawa huomba muda wa kufikiri. Nilitazama meza, ripoti, kazi ambayo bado sijaipata, nauli ambayo bado sina. Nilikumbuka mistari ile iliyochorwa kwa rula, na mahali palipokuwa peupe.

"Niandike kabla ya vuli," nikasema.

"Vuli hii?"

"Vuli hii, baba."

"Haya," akasema. Nikasikia kalamu ikibofywa, na ile "haya" sikuichambua.

Basi ndiyo hivyo ilivyokuwa. Anayetaka kufuatana nami aniambie mapema, na jembe aje na la kwake.